Fulana za Oktoba na Likizo Zilizolala

Asante mwenyekiti. Nimepewa dakika ishirini za afya ya akili kazini, na walionisikia Morogoro wanajua ishirini zangu zilivyo. Humu mmejaa maafisa utumishi, kwa hiyo sitaeleza sonona ni nini wala msongo ni nini. Mnavijua. Wengine mnavyo.

Nianze na fulana.

Mwaka jana, Oktoba, wiki ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, niliitwa ofisi moja hapa Dar. Siitaji. Nafika saa tatu asubuhi, ukumbi umepambwa maputo ya kijani, kila mtu kavaa fulana imeandikwa kifuani "Jitunze". Keki ipo. Mwezeshaji ni kijana mzuri tu, sina ugomvi naye, anafundisha watu kuvuta pumzi: ingiza, hesabu nne, shikilia, toa. Mbele yangu kakaa dada wa uhasibu, simu iko mapajani. Anaingiza pumzi, simu inatetemeka. Anashikilia, inatetemeka. Sasa mimi ni nesi mstaafu, umbea ni sehemu ya fani, nikachungulia. Kundi la WhatsApp la idara. Meneja wake, ambaye yuko humo humo ukumbini, safu ya kwanza, na fulana ile ile, ameandika: "Hesabu za benki za Septemba zimefikia wapi?" Mwezeshaji akasema sasa tufumbe macho. Yule dada akafumba moja.

Wakati wa chai nikamuuliza likizo alienda lini. Akacheka. Fomu kaijaza mara tatu. Ya kwanza akaambiwa asubiri wafunge mwaka. Ya pili, wakaguzi wanakuja. Ya tatu, mwenzake kaacha kazi, nafasi haijajazwa, yeye ndiye anakaimu. Tena bila posho ya kukaimu, ila hilo tuliache. Hapana, tusiliache! Mtu anafanya kazi za wawili kwa mshahara wa mmoja, halafu sisi tunamletea mwalimu wa kupumua. Kupumua anajua. Nafasi ya kupumulia ndiyo hana.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mama huyu hapendi mambo ya kisasa. Napenda. Kila alfajiri natembea, na pumzi nazivuta. Maji ya kunywa nayo yanamfaa mgonjwa wa homa, lakini humpi maji huku umemlaza juani. Na msidhani ni maneno ya kizee tu. Mwaka 2024 mtafiti wa Oxford, William Fleming, alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa taasisi 233 za Uingereza. Akawalinganisha waliopewa mafunzo ya kukabili msongo, programu za simu za kutuliza akili na mambo kama hayo, na wenzao ambao hawakushiriki. Hali zao hazikuwa bora kuliko za wenzao. Kilichoonyesha dalili ya kufaa ni kazi za kujitolea tu. Na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilipoeleza ule uchovu wa kazi unaomkausha mtu, halikuuita ugonjwa. Lilisema unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Wa kazini, jamani. Hawakusema wa nyumbani kwa dada wa uhasibu.

Mtaniambia hiyo ni Uingereza, na hilo Shirika liko Geneva. Haya, turudi kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Ukipitisha saa tano mfululizo, una mapumziko ya dakika 60. Kati ya kutoka kazini na kuanza tena, saa 12. Likizo siku 28. Hiyo ndiyo programu ya afya ya akili, iliandikwa zamani na haitaki maputo. Ndiyo, mabosi wakubwa vifungu vya saa haviwahusu. Nadhani ndiyo sababu wanasahau kwamba wengine vinawahusu. Mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi gari la Mbagala, ukamtumia ujumbe saa nne usiku, hizo saa 12 nihesabie wewe. "Ni ujumbe tu, Sista, si kazi." Basi asiujibu uone.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitatu. La pili nalikimbiza. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Lakini nani analeta ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, imeandikwa sonona? Nikiwa zahanati ya kiwanda walikuwa wananivuta pembeni: "Sista, mwambie daktari aniandikie malaria." Ukirudi na malaria unapewa pole. Ukirudi na sonona, utaitwa Mirembe, kwa jina la ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, mpaka unastaafu. Kwa hiyo mkikaa kusoma takwimu zenu za malaria, zisomeni kwa jicho la pili.

La tatu lilikuwa jinsi ya kuwapima mameneja, na lilikuwa tamu, ila limekufa. Mniite tena.

Jumatatu, kabla hamjaagiza fulana za Oktoba, fungueni rejista ya likizo. Andikeni siku ambazo hazijachukuliwa, jina kwa jina, mpelekeeni mkurugenzi ile orodha kabla ya makadirio ya keki. Yule dada wa uhasibu alikuwa na siku 61. Hakwenda kuangalia popote, alinitajia kwa kichwa, kikombe cha chai mkononi, huku anasoma simu.