Koo la Freddie Mercury Jukwaani

Ndugu wasikilizaji, mwimbaji wa roki ana mzigo ambao mwimbaji wa opera hana: hushindana na gitaa za umeme na ngoma usiku baada ya usiku, huku mashabiki wakimdai kila noti waliyoizoea kwenye santuri. Nimemchagua Freddie Mercury wa kundi la Queen, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kwa sababu naamini ukubwa wake jukwaani ulitokana zaidi na namna alivyojua pa kuitumia sauti yake na pa kuiwekea akiba.

Tuanze na mkwaruzo wa sauti yake. Mwaka 2016 watafiti wa Austria, Ucheki na Uswidi walichapisha uchunguzi wa rekodi zake. Kwa kuwa yeye alikwisha kufariki mwaka 1991, walimtumia mwimbaji mwingine wa roki kuiga sauti hiyo, wakapitisha kamera kooni mwake iliyopiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde. Ilionekana kwamba mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti, ambayo hatuitumii katika mazungumzo ya kawaida, ilikuwa ikitetema pamoja na nyuzi hizo, mtetemo mmoja kwa kila mitatu ya nyuzi zenyewe. Hapo ndipo mngurumo ule unapozaliwa. Vijana wengi wanaomwiga hukaza shingo na kulazimisha koo, nao hukaukiwa na sauti kabla onyesho halijafika nusu. Msikilizeni yeye mwenyewe, mtaona kwamba mara nyingi huugusa mkwaruzo mwanzoni mwa neno tu, kisha huiachia sauti itoke safi.

Watafiti hao walipima pia jinsi noti zake ndefu zilivyotikisika, wakapata wastani wa takribani mara 7 kwa sekunde, kasi kubwa kuliko ya waimbaji wengi waliofunzwa uimbaji wa klasiki, kama wa opera. Sauti yake ya kuzungumza nayo ilikuwa na wastani wa hezi 117 hivi, yaani mitetemo 117 kwa sekunde, kiwango cha mwanamume wa baritoni, sauti ya kiume ya kati, ingawa umma ulimjua kwa noti za juu.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloeleza mengi ya jukwaani. Katika maonyesho, alipofika kwenye kilele cha “We Are the Champions”, mara nyingi aliibadilisha melodia na kuimba chini ya alivyorekodi, na noti za juu kabisa aliziachia mpiga ngoma wa Queen, Roger Taylor. Wapo wanaouita huo udhaifu. Mimi nauita ufundi, kwa kuwa aliyejeruhi koo Jumatatu hana cha kuimba Jumanne.

Tazameni basi uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la hisani la Live Aid. Baada ya “Radio Ga Ga” anasimama na kipande chake cha mhimili wa maikrofoni, bila ala yoyote, anatupa sauti fupi na watu zaidi ya 70,000 wanaipokea. Anairefusha, anaipindapinda, nao wanamfuata. Kila wanapojibu, yeye anavuta pumzi na koo linapumzika, lakini hakuna anayehisi kwamba mwimbaji amenyamaza. Kundi linapoingia na “Hammer to Fall”, wimbo mzito wa gitaa, sauti yake inatoka na nguvu zote.