Voliumu Mbili si Diski Mbili

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Mafundi wenzangu wa Tanga mmeniomba nizungumzie kupanga hifadhi kwenye kontrola ya RAID, yaani kifaa ndani ya seva kinachounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama kundi moja. Naanza na jambo lililoniuma.

Niliitwa ofisi moja maeneo ya Ngamiani. Seva yao ilikuwa na diski 4 zilizounganishwa kwa RAID 5, na kundi lile limekatwa voliumu mbili, yaani vipande viwili vya hifadhi. Windows iliziona kama D na E. Kila usiku mahesabu ya D yalinakiliwa kwenda E, na mhasibu, mama makini sana, alilala akijua ana bakapu. Diski moja ikafa. Taa ya njano ikawaka ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna aliyeiona. Ilipokufa ya pili, D na E ziliondoka pamoja. Yule mama alinitazama, sikuwa na la kumwambia.

Tuelewane basi. Kontrola hukusanya diski zikawa kundi, kisha hulikata kundi vipande, na kila kipande mfumo endeshi hukiona kama diski kamili. Ni shamba moja la mkonge lililogawanywa kwa kamba: moto ukishika, hautambui mpaka wa nani na nani. Kukata voliumu kuna faida yake. Tenga gigabaiti 100 za mfumo endeshi, zinazobaki ziwe za data, ili mafaili yakijaa mashine isikwame. Lakini bakapu ikae kwenye mashine nyingine, na bora iwe jengo jingine.

Sasa aina. Chukua diski 4 za terabaiti 4. RAID 5 inakupa terabaiti 12 na inavumilia kifo cha diski moja tu. RAID 6 inakupa 8, na zife mbili zozote, bado uko salama. RAID 10, ambayo hupanga diski jozi jozi, kila moja ikiwa nakala ya pacha wake, nayo inakupa 8, inaandika kwa wepesi zaidi, ila wakifa pacha wawili wa jozi moja umekwisha. Wengi hukimbilia zile 12. Mimi kwa diski kubwa nasema hapana, kwa sababu ya muda wa kujenga upya data kwenye diski mpya inayoshika nafasi ya iliyokufa: kujaza terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kila sekunde, bila kupumzika, ni zaidi ya saa 7, na seva yenye kazi huchukua muda mrefu zaidi. Saa zote hizo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa.

Kache ya kuandika, yaani kumbukumbu ya muda ya kontrola inayoshika data kabla haijafika diskini: iwashe pale tu kontrola ina betri nzima. Bila betri, umeme ukikatika, kilichokuwa bado kwenye kache kinapotea ilhali programu imeshaambiwa kimeandikwa. Betri nazo huzeeka, zikagueni.

Na kabla ya kukubali kuanzisha voliumu, soma namba ya kila diski mara mbili, kwani hatua hiyo hufuta kilichokuwapo.

Kisha jaribuni ujumbe wa tahadhari wa diski kufa kabla data haijaingia. Seva hii hapa mezani haina kitu cha mtu, na nimeielekeza itume ujumbe kwenye simu yangu. Wewe kijana wa mbele, njoo uvute diski ya tatu.