Herufi ya Anga Inakuahidi Nini?

Ndugu zangu, assalamu alaykum.

Rubani wa ndege ndogo akishapewa kibali cha kuingia anga la Unguja hujiona yumo mikononi mwa mnara wa kuongozea ndege. Yumo, lakini kwa kiasi gani? Hilo linategemea herufi moja. Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaligawa anga madaraja saba, A hadi G, na kila herufi inasema nani anatenganishwa na nani, yaani ndege zipi muongoza ndege lazima aziweke mbalimbali. Kwetu wa kupanga herufi hizo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, maana usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar inasimamia uwanja, si anga lililo juu yake.

A na G hazina utata: A ni ya wanaoruka kwa vyombo tu, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege na si macho, na wote wanatenganishwa; kwenye G rubani hupewa taarifa, basi. Watu huteleza kwenye C na D.

Chukueni Caravan, ndege ndogo, inayotoka Pemba, rubani anaruka kwa kuona, yaani kwa macho yake, na ATR 72, ndege ya abiria iliyo kubwa zaidi, inayotoka Dar es Salaam kwa vyombo. Anga likiwa C, muongoza ndege analazimika kuzitenganisha, tuseme kwa futi 1,000 za kimo. Likiwa D, halazimiki. Atampa rubani wa Caravan habari za ile ATR ilipo na kimo chake. Kuikwepa ni kazi ya rubani. Sauti redioni ni ile ile, kibali ni kile kile, ndiyo maana mtu anadanganyika.

Pigeni hesabu. Chini ya futi 10,000, anayeruka kwa kuona anatakiwa awe na uoni, yaani umbali wa kuona mbele, wa kilomita 5. Caravan ikienda kilomita 300 kwa saa na ATR 370, zikikabiliana, kilomita 5 hizo zinakwisha kwa sekunde 27. Kuiona ndege, kutambua hatari, kuamua na kugeuka huchukua kama sekunde 12. Na hapo tunamhesabia rubani anayetazama nje, si aliyeinamia ramani. Taarifa ya mnara ikichelewa nusu dakika haina kazi tena.

Masika ikishusha uoni chini ya kilomita 5, rubani anaweza kupewa kibali maalumu cha kuruka kwa kuona ndani ya eneo la udhibiti wa uwanja, mradi uoni haupungui mita 1,500. Ajabu yake, hapo analindwa zaidi: lazima atenganishwe na wanaoruka kwa vyombo.

Tuje kwenye chamchela za mbawa, yaani vimbunga vidogo vya hewa vinavyoachwa nyuma na mbawa za ndege. Caravan ikipaa nyuma ya ndege nzito, yaani ya kilo 136,000 na zaidi, husubiri dakika 2. Ikianzia katikati ya njia ya kurukia, dakika 3. Msimharakishe muongoza ndege hapo. Kaskazi ikiwa nyepesi na inapiga ubavuni, chamchela moja huganda juu ya njia badala ya kupeperushwa.

Lakini anayetua kwa kuona hahesabiwi dakika hizo. Mnara humtahadharisha tu. Abaki juu zaidi ya mteremko wa kushukia wa ndege iliyotangulia, aguse chini kupita pale ilipogusa yenyewe, na njia ikiwa haimtoshi, azunguke tena.