Lita moja ya maji na nyuso za watoto wetu wakati wa kiangazi

Haya tukae jamani, muda niliopewa ni mdogo. Nimeambiwa niongelee magonjwa ya watoto na kiangazi huku kwetu kwenye ukame, na wanaonifahamu wanajua naanzia wapi. Naanzia machoni.

Trakoma, hii mnayoiita vikope, siwaelezi sana, wengi mna bibi nyumbani anayeng'olewa nywele za kope kwa kibano. Ila bibi hakuanza kuugua uzeeni. Alianza ana miaka mitatu minne, tongotongo zimeganda, nzi wamejaa usoni, akapona, akaambukizwa tena, akapona, akaambukizwa tena, mpaka ndani ya kope pakajaa makovu, makovu yakavuta kope kwa ndani, sasa kila akipepesa nywele zinakwaruza kioo cha jicho. Upofu unaingia hivyo, taratibu, miaka na miaka. Na wanawake wanaumia kuliko wanaume kwa sababu wao ndo wanashinda na watoto.

Sasa kiangazi. Huku Dodoma mvua ikishakata, mpaka Novemba huko hudondoshewi tone, malambo yanakauka, mama anaamka saa tisa usiku kwenda kuchimba mchanga korongoni, anarudi na dumu moja. Mwambie amnawishe mtoto uso, anakuangalia tu. Simlaumu hata kidogo! Kuna kunywa, kuna kupika, kuna ndama, uso wa mtoto unakuwa wa mwisho.

Ndo maana kuna kitu nakifanya kila ninapokwenda. Kijiji kimoja huko Kongwa, mwezi wa kumi, baba mmoja alisimama mkutanoni akasema wewe mtaalamu, mimi nina watoto watano, kuwanawisha wote ni ndoo nzima, naitoa wapi? Nikachukua chupa ya lita moja, nikatoboa kifuniko kwa msumari, tundu moja tu, nikaita watoto waliokaa mbele. Mtoto anakinga viganja, unaminya kidogo, anapitisha machoni, unaminya tena, anatoa kamasi, basi, mwingine aje. Tukafika mtoto wa 12 na maji bado yapo. Yule baba akaiomba chupa, akainyanyua juani aone yaliyobaki, hakusema neno, akamwita kitinda mimba wake akamnawisha mwenyewe. Miaka yote pale walikuwa wanakadiria ndoo tu bila kupima!

Ila msije mkaweka beseni moja watoto wote wachovye humo, wala msiwapanguse wote kwa pindo lile lile la khanga, hapo unawagawia ugonjwa. Maji yachirizike. Kibuyu chirizi mnakijua, kile cha kuning'iniza unakiinamisha maji yanachirizika.

Najua kuna mtu anasema moyoni, si dawa zinagawiwa bure? Zinagawiwa, na mmeze, azithromaisini ni dawa nzuri. Lakini inamuua mdudu aliyepo leo, kesho nzi anatoka usoni kwa mtoto wa jirani anatua kwa wako. Na nzi huyu anataga kwenye kinyesi cha mtu kilichoachwa wazi, chimba choo umemnyima pa kuzalia. Mwingine atasema nchi yetu kavu, tufanyeje. Oman ni jangwa! Na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilithibitisha wameitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Ghana 2018. Malawi, majirani zetu hapa, 2022. Sisi tunasubiri nini?

Naona naonyeshwa saa. Kuhara basi, haraka: mvua ya kwanza inasomba uchafu wa kiangazi kizima mpaka lamboni, kwa hiyo yale maji mapya mnayoyafurahia mchemshe, mchemshe kweli. Surua: kule Niger kiangazi watu wanatoka mashamba wanajazana mjini Niamey, na surua inapanda nao. Wetu wanahama na mifugo, kwa hiyo kadi za chanjo zikaguliwe kabla hawajaondoka, miezi 9 na miezi 18, zote mbili, asiniambie mtu moja inatosha. Homa ya uti wa mgongo sitaifikia leo.

Walimu, pale mlangoni kuna boksi la chupa nimeshazitoboa vifuniko. Kila shule ichukue mbili, na kesho asubuhi muanze na darasa la kwanza kabla hawajaingia ndani.