Yai Juu ya Jiwe Tupu

Ndugu zangu, nataka kueleza jinsi ndege wa bahari wanavyochagua pa kutagia, na nianze na yai. Ni la gilemoti, ndege wa bahari za kaskazini, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Ncha moja nene, ya pili imechongoka. Mama yake hajengi kiota. Hulitaga kwenye jiwe tupu, ukingoni mwa jabali, huku chini mawimbi yakipiga. Wala hayuko peke yake: ndani ya mita moja ya mraba jozi 20 zinaweza kubanana. Umbo lile hulifanya yai litulie kwenye mteremko, ingawa wataalamu hawajaacha kubishana juu ya kilicholileta.

Mtu akitazama atasema ndege huyu hana akili. Mimi nasema hesabu yake ni kali. Miguu iko nyuma kabisa ya kiwiliwili, mizuri kwa kupiga mbizi, mibovu kwa kutembea. Akikutana na mbweha nchi kavu, kwisha habari yake. Basi huenda mahali mbweha hafiki.

Jabali nalo hufunza tabia. Kinda wa kitiweki, shakwe mdogo wa majabalini, hukaa kimya kauelekea ukuta, maana hatua moja ni kifo. Binamu zake wa ufukweni hutawanyika na kujificha majanini wakisikia hatari. Pafini, ndege mwingine wa bahari za kaskazini, yeye huchimba shimo penye udongo laini. Penye mawe hujipenyeza nyufani. Buabua, ndege wembamba wa pwani, wengi wao hutaga mchangani, mayai yao yana madoa kiasi kwamba unaweza kuyakanyaga bila kuyaona. Bamvua likija, huyasomba. Lakini fungu la mchanga linalofunikwa mara kwa mara halina panya, na panya ni balaa kubwa kuliko maji.

Usalama bila chakula, hata hivyo, ni bure. Visiwa vya pwani ya Peru vilikuwa vyeupe kwa kinyesi cha ndege, mbolea iliyouzwa dunia nzima, kwa sababu maji baridi ya kilindini hupanda juu na kulisha mabilioni ya dagaa. Ikija El Niño, maji ya juu hupata joto, dagaa huzama au kuhama. Mnandi, ndege mla samaki wa visiwa hivyo, huyaacha mayai na makinda, akaenda zake. Kisiwa ni kilekile, bahari ndiyo imebadilika.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linalonifurahisha: ndege hutazama pia wenzake. Kwenye Eastern Egg Rock, kisiwa kidogo cha Maine, Marekani, pafini waliwindwa hadi wakaisha karne ya 19. Kuanzia 1973 watafiti walileta makinda kutoka Newfoundland, Kanada, wakawalea mashimoni kwa mkono. Makinda wakaruka, wakapotelea baharini. Kisiwa kitupu hakimvuti pafini, hivyo watafiti wakasimamisha sanamu za pafini za mbao maweni mwake, zimepakwa rangi. Mwaka 1981 pafini alionekana akiingia shimoni na samaki mdomoni, chakula cha kinda.