Nyumba Iliyofungwa kwa Mnyororo Mmoja

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze nanyi vijana mnaojiandaa kufanya kazi au kuishi ndani ya yoti, niwaeleze siku za mwanzo zilivyo. Mimi nimekulia Lamu, na babu yangu alikuwa nahodha. Nilipohamia na mume wangu kwenye yoti ya futi 36, iliyotia nanga ndani ya mkono wa bahari Kilifi, nilidhani bahari haina ugeni kwangu. Kumbe jahazi nililijua la kupanda na kushuka. Kulala chomboni miezi, kupika humo, kuuguza homa humo, kugombana na mume na kukosa chumba cha kwendea kununa, hayo sikuyajua.

Usiku wa kwanza sikulala, kwa sababu ya sauti. Nataka nikae hapa kidogo, maana naamini mtu huizoea yoti kwa masikio kwanza. Juu ya kichwa, ko, ko, ko, mpaka alfajiri. Ile ni henza, kamba ya kutwekea tanga, ikigonga mlingoti. Mlingoti wa mti huimeza sauti ile; wa alumini huishusha hadi kitandani. Dawa yake ni kuivuta henza mbali na mlingoti na kuifunga pembeni, kazi ya dakika moja, nami nilikesha siku tatu kabla ya kuambiwa. Upande wa omo, mbele ya chombo, kulikuwa na mkwaruzo: mnyororo wa nanga ukijiburura juu ya changarawe kila maji yanapogeuka. Na chini ya godoro kulikuwa na mtatariko kama mafuta ya moto kikaangoni. Wageni wengi hudhani chombo kinapasuka. Ni uduvi, wanafyatua gando lao kubwa majini, na ubavu wa chombo unaipokea sauti kama ngoma. Leo nikilala bara naikosa.

Ukishazijua sauti za salama, ndipo utazisikia za hatari. Pampu ya ngama, pale chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, ikijiwasha yenyewe usiku, amka. Usijiambie itanyamaza. Kwetu ilikuwa choo. Katika yoti nyingi choo kimekaa chini ya usawa wa bahari, na bomba lake lina vali. Mgeni wetu alikitumia akasahau kuifunga, na bahari ikaanza kuingia polepole kupitia bakuli la choo. Tuliamka maji yamefika kwenye mbao za sakafu. Tangu hapo kila anayepanda chombo chetu, hata akiwa mzee wa kuheshimiwa, huoneshwa vali ile kabla ya kuoneshwa kiti.

Gesi ya kupikia haina sauti. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haitoki dirishani. Hushuka na kutuama ngamani, pale pale penye pampu ya umeme, na cheche moja inatosha kulipua chombo. Ndiyo sababu mtungi hukaa nje, katika kisanduku chenye tundu la kumwaga gesi baharini. Funga mtungi wenyewe kila ukimaliza kupika. Hapa sina subira na mtu anayesahau.

Maji ya kunywa ni hesabu. Tangi letu ni la lita 300. Watu wawili kwa jumla ya lita 20 kwa siku, zinatufikisha siku 15. Nilizima pampu ya umeme ya maji hayo nikatumia ya mguu, na vyombo nikaosha kwa maji ya chumvi, kisha suuza kidogo. Mwili vilevile: oga baharini, malizia kwa kata mbili za maji ya tangi. Katoni za dukani ziachwe ufukoni, maana mende hutaga humo. Kigegezi, yaani kichefuchefu, kikikushika, toka nje, tazama upeo wa bahari, usiiname. Na maneno ya kamba na makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, yasiwatishe: joshi, upande upepo unakotoka, ni joshi, na demani, upande upepo unakokwenda, ni demani, kama kwenye mashua ya babu.

Nirudi kwenye nanga, maana hiyo ndiyo iliyonifanya mkaazi wa chombo kile.

Ilikuwa mwezi wa pili wetu, wakati wa kusi. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tulihamisha chombo tukatia nanga penye kina cha mita 6, tukatoa mnyororo mita 30. Mara 5 ya kina, tukaridhika. Lakini ilikuwa bamvua, na siku za bamvua maji ya kujaa na ya kupwa hupishana zaidi ya mita 3. Saa 10 alfajiri palipokuwa na mita 6 pakawa na 9 na nusu, na mnyororo uleule ukawa mara 3 na kidogo tu. Hapo mnyororo huvuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza chini ishike.

Niliamka bila kuitwa. Henza ilikuwa imefungwa, uduvi wanatatarika kama kila siku. Lakini mnyororo haukuwa unakwaruza. Ulikuwa unatetemeka, mtetemo niliousikia kwa meno. Nikatoka. Kila jioni tulikuwa tunachagua taa mbili za ufukoni, moja nyuma ya nyingine, tukazikariri. Sasa zilikuwa zimeachana. Tulikuwa tunakwenda.

Nikaenda omo nikaachia mita 20 zaidi. Chombo kikarudi nyuma, kikasita, kikageuza uso kwenye upepo, kikashika. Nikakaa kuzitazama zile taa mpaka nilipohakikisha zimetulia. Mume wangu alikuwa ameamshwa na kishindo cha mnyororo, akauliza kutoka chini kuna nini. Nikamwambia lala, nimeongeza mita 20.