Kompaila Imekosea, au Ni Wewe?

MWANAISHA: Assalaam aleikum, karibuni kipindini kutoka Mombasa. Omari, programu ya Java inaanguka kwa ClassCastException, kosa la kitu cha aina moja kuchukuliwa kama cha aina nyingine, na kwenye mstari huo hakuna mahali ulipogeuza aina. Kompaila, ile inayotafsiri msimbo wetu, ni mbovu?

OMARI: Jishuku wewe kwanza, dada. Tangu Java 5, mwaka 2004, kompaila hukagua aina za jenereki, zile zinazoandikwa ndani ya mabano kusema orodha imebeba nini, kisha huzifuta. Ni kama kontena pale Kilindini: karatasi inasema mchele, inakaguliwa langoni, halafu inachanwa. Programu ikishaanza, List<String> na List<Integer> ni kitu kimoja: orodha tu, iwe ya maneno au ya namba nzima.

MWANAISHA: Na anayepokea atajuaje ni mchele?

OMARI: Kila unapochukua kitu kwa get na kukiweka kwenye String, kompaila huchomeka kimyakimya amri ya checkcast, inayokagua aina. Endesha javap -c, chombo cha kuonyesha amri hizo, kwenye faili la .class lililokompailiwa, utaiona. Sasa chukua List<String> majina iliyo tupu, uipachike kwenye List ghafi, isiyotaja aina, uongeze 7. Kimya! Mlipuko unakuja majina.get(0) inapoitwa, pengine kwenye faili jingine kabisa.

MWANAISHA: Haikuonya?

OMARI: Ilinong'ona tu, wakati wa kukompaili. Tia -Xlint:unchecked unapoita javac, kompaila ya kawaida ya Java, ikutajie mstari wenyewe. Kisha tafuta kila @SuppressWarnings, alama ya kunyamazisha maonyo. Wengi huziba onyo badala ya kuziba tundu. Onyo likiwa ndani ya maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, hutaliona. Hapo ifunge orodha kwa Collections.checkedList(majina, String.class), na uwape hiyo. Kosa litatokea palepale kwenye add, na mkosaji utamshika mkono kapuni.

MWANAISHA: Haya, hakuna onyo, hakuna maktaba, na bado.

OMARI: Punguza. Futa nusu ya msimbo, jaribu tena, mpaka ubaki na mistari kama ishirini. Pale kompaila inapokisia aina, iandike mwenyewe. Tatizo likitoweka, liko kwenye ukisiaji. Halafu jaribu ecj, kompaila ya Eclipse. Ikitofautiana na javac, huenda moja ina kasoro.

MWANAISHA: Na javac yenyewe ikianguka?

OMARI: Hiyo haina mjadala. Ikitoka na namba 4 na kumwaga orodha ndefu ya makosa yake ya ndani, ni kasoro yake, hata kama msimbo wako ni takataka. Ya kutisha ni ile inayokubali msimbo mbaya bila neno.

MWANAISHA: Kama ile ya 2016.

OMARI: Naam, ya watafiti wa lugha za programu, Nada Amin na Ross Tate. Waliipitisha Integer ikapokewa kama String, bila kugeuza aina, bila onyo. Walitumia aina yenye alama ya kiulizo, inayodai uhusiano usiowezekana kati ya aina mbili. Kompaila hujiambia: maadamu kuna thamani ya aina hii, uhusiano upo. Wao wakaipa null, yaani nafasi isiyo na kitu.

MWANAISHA: Na null huingia kila mahali.

OMARI: Bila kuthibitisha chochote! Shahidi asiyekuwepo, na ushahidi wake ukapokelewa.

MWANAISHA: Kwa hiyo tuwalaumu watu wa javac?

OMARI: La, bibi. Javac ilifuata kanuni. Shimo lilikuwa kwenye kanuni za lugha yenyewe, tangu 2004. Ndiyo maana kompaila mbili zikikubaliana, soma kanuni kabla ya kupeleka malalamiko.